Vipande Vitatu vya Selotepu

Tak.

Sauti ndogo, kavu, kama mtu anafunga kabati kwa adabu asiamshe watoto. Ilikuwa saa tisa usiku, Kaylin ameketi kitandani anamnyonyesha Josie, na mumewe Dwight anakoroma ubavuni pake, kwa hiyo aliyefunga kitu huko jikoni hakuwa Dwight.

Asubuhi akaikuta bunduki mezani, palepale ilipoachwa. Ila imefungwa.

Na jana iligoma kufunga, aliiona kwa macho yake.

Ilikuwa hivi. Bunduki ya marisau ya Dwight, ile ya kukunjwa katikati, mtutu wake ulikanyagwa na gari lao wenyewe ukapondeka. Dwight hakununua mwingine. Alikwenda kwa mama yake, Verna, akachukua wa mdogo wake Coy, aliyetumbukia mtoni na gari lake mwezi Machi akafa. Chapa moja, ukubwa mmoja, ukaingia kwenye bawaba kama umezaliwa nayo. Lakini kuingia si kufaa. Kati ya kitako cha risasi na chuma cha nyuma hubaki upenyo, na ukizidi kidogo tu risasi hupasukia nyuma, usoni kwa aliyeishika. Basi Dwight akapima kama wanavyopima wanaume wote wa bonde lile: risasi bandia, kipande cha selotepu kitakoni, bunduki ikafunga. Cha pili, ikafunga kwa shida. Cha tatu ikagoma, maana yake upenyo ni mdogo, hakuna hatari.

"Safi," akasema. "Jumatatu msimu unafunguliwa, kulungu wajiandae." Akaiacha imeachama, vipande vitatu ndani.

Sasa imefunga juu ya vitatu.

"Dwight, njoo uone."

"Selotepu imebonyea."

"Imejifunga usiku, nimeisikia!"

"Mtoto anakunyima usingizi, Kaylin."

Hakusema kwa hasira, hakusema kwa chochote. Tangu mazishi alikuwa hivyo, anakula, anakwenda zamu yake mgodini, lakini ukimgusa ni kama kugusa mkono uliolaliwa. Hakulia hata siku moja.

Alipoondoka, Kaylin akabandika cha nne. Ikafunga. Jumamosi akafikisha sita, ikafunga laini kabisa, na hapo ndipo harufu ilipomjia, tumbaku ya kutafuna, ile ya mnanaa, harufu ya Coy, Coy aliyekuwa akiingia bila kubisha na kupaza sauti, "Shemeji, kahawa ipo?", mtu pekee duniani aliyemwita shemeji, na Kaylin, bila kujua kwa nini, akaifungua bunduki, akaitoa risasi, akatia kidole pale kwenye tundu la nyuma la mtutu, na chuma, siku ya Novemba yenye barafu dirishani, kilikuwa cha joto, na kina unyevu, kama ndani ya mdomo.

Akampigia simu mama mkwe.

"Mama, ule mtutu..."

Verna akamkatiza. "Nilimkataza asiuchukue. Mimi niliuviringisha blanketi tatu, mwanangu. Ulikuwa unabisha hodi." Kisha akanong'ona, "Nenda kwa Orville. Dwight asijue."

Orville ndiye mzee aliyekuwa akipuliza vidonda vya moto vikapoa, na kusimamisha damu kwa maneno. Alimsikiliza Kaylin akiwa anamenya viazi.

"Mke wangu alinielekezea bunduki mara mbili," akasema, "na hata moja haikuwa na jini. Hii yako inayo." Akaweka kisu chini. "Hatafuti mtu wa kumpiga, binti. Anatafuta pa kukaa. Anajitengenezea nafasi."

"Na Jumatatu Dwight akiifyatua?"

"Itampasukia usoni, na Josie atabaki na picha ya baba ukutani. Sogea nikunong'oneze. Haya maneno ya kumfunga hutoka kwa mwanamume kwenda kwa mwanamke, tena kwa watu wachache tu, na mimi nimebakiwa na mtu mmoja wa kumpa. Ukimwambia mwingine, kilichofungwa kinafunguka. Umesikia? Awe nani, awe nani."

"Naahidi."

Jumapili, Dwight akiwa nje anapasua kuni, Kaylin akaukaribia mtutu na Josie begani, akayanong'ona mara tatu. Chuma kikapoa. Harufu ikakatika kama mshumaa. Akabandua selotepu, akabakisha vipande vitatu, akaitia risasi. Ikagoma! Akajaribu tena, akakandamiza kwa goti. Ikagoma. Akaketi sakafuni akacheka na kulia pamoja.

Mlango ukafunguka. Dwight aliingia na kuni mikononi, akazipanga taratibu kando ya jiko, akavuta kiti. Alikuwa anatabasamu. Tangu Machi hajatabasamu.

"Nimesikia ukinong'ona."

"Nilikuwa namwimbia Josie."

"Kahawa ipo?"

Alikuwa anatafuna kitu. Dwight hajawahi kutafuna tumbaku maishani mwake. Mnanaa ulijaa jikoni, na Josie akainua kichwa, akamtazama kwa macho makubwa.

"Yule mzee alikufundisha maneno gani?" akauliza, kwa upole sana, huku akiinama mezani. "Niambie na mimi, shemeji."

Kaylin alingoja hofu ije. Haikuja. Kilichokuja ni ganzi, ikaanzia kwenye vidole, ikapanda mikono iliyomshika mtoto, ikafika mdomoni.

"Niliahidi," akasema. "Simwambii mtu mwingine."