Kikapu cha Sadaka ya Mama Podi

Jua lilikuwa limeshaingia nyuma ya mlima mtakatifu wa Mihintale wakati Yasawathi alipojitwika kikapu chake mlangoni kwa dada yake. Kavum themanini, vitumbua vya mchele vya kukaanga, bado vya moto, mafuta yakitona kwenye jani la mgomba. Kesho ilikuwa inatimia miezi mitatu tangu mama mkwe wake, Podi, afariki. Watawa watano wa Kibuddha wangekuja kula, kisha wamsomee marehemu ili thawabu zimfikie. Zisipomfikia, angebaki akitangatanga na njaa yake milele.

"Msumari nimeuweka juu," dada yake Dingiri alisema. "Usiutoe. Cha kukaanga hakibebwi jioni bila chuma. Wanakifuata."

"Nani wanakifuata, dada? Mahujaji?"

"Haya, cheka. Na usionje! Chakula cha watawa hakionjwi."

"Kwani mimi mtoto?"

Akapita njia ya mkato, nyuma ya magofu ya hospitali ya watawa wa kale. Pale lipo hori la jiwe lililochongwa umbo la mtu, kichwa, mabega, miguu. Zamani wagonjwa walilazwa humo ndani ya mafuta ya dawa. Juu kwenye ngazi za mlima mahujaji walikuwa wanapanda, sauti zao zikishuka kwa mbali: Sadhu... sadhu... yaani vema, vema.

Akatua kikapu ukingoni mwa hori apumzike. Tangu asubuhi hajatia kitu mdomoni. Na ile harufu!

"Moja tu," akajisemea. "Nani atahesabu?"

Akautoa msumari, akauweka juu ya jiwe. Akala moja. Akala ya pili, akalamba vidole hadi kwenye kucha.

Nyenje wakanyamaza.

Kisha ikaja harufu nyingine. Mafuta yaliyochacha... mkojo... kidonda cha mgongoni kilichooza. Yasawathi aliijua harufu hiyo. Ilikuwa ya chumba cha Podi.

Niseme ukweli, maana yeye hakuusema. Podi alilala kitandani mwezi mzima, na mwanawe Banda alikuwa mbali, analinda mashamba ya watu. Yasawathi alimpa uji mwepesi kama maji, kijiko asubuhi, kijiko jioni. "Daktari amesema," alimwambia. Muongo mkubwa! Daktari alikataza chumvi tu. Yeye alichoka kufua mashuka. Akila kidogo atachafua kidogo, hiyo ndiyo ilikuwa hesabu yake. Akakaanga samaki wake jikoni, mlango wazi, na bibi wa watu akaita kwa sauti ya kukwaruza: Mkwe wangu... hata mkia...

Fyo... fyo... fyo...

Kitu kilikuwa kinafyonza. Humo humo ndani ya hori.

Yasawathi aliinamisha macho. Tumbo kubwa kama chungu. Shingo nyembamba kama uzi. Na mdomo... tundu tu, la kupita sindano, limebandikwa kwenye kitako cha kikapu, linafyonza mafuta, ute wa manjano ukichuruzika kidevuni.

"Mkwe wangu..." likanong'ona. "Hata mkia..."

Alikwapua kikapu akakimbia. Msumari ukabaki juu ya jiwe.

Nyumbani Banda alipokea kikapu kwa furaha. "Mama atashiba kesho," alisema. Halafu akasogeza taa.

Kila kavum ilikuwa na kitundu kimoja, kidogo kabisa. Banda akamega moja. Ndani hakukuwa na mchele. Kulikuwa na ute mzito wa njano, na ndani ya ute, unywele mweupe mrefu. Akauvuta... ukaja... ukaja... Akatapika pale pale. Mbwa wa nyumbani alinusa, akarudi nyuma akilia.

"Msumari uko wapi?" Banda akauliza.

Yasawathi akafuta vidole kwenye nguo.

"Yasa! Umeuacha wapi?"

"Alikuwa mama," akasema mkewe. "Ameniambia... hata mkia."

"Mkia wa nini?"

"Wa samaki."

Banda alimtazama sana. Akakumbuka jibu alilopewa alipokuja kumwona mama na kukuta uji mwepesi tu: daktari amesema.

Usiku ule majirani walipika upya. Asubuhi watawa wakaja, wakala, wakasoma. Maji yakamiminwa kikombeni mpaka yakafurika, thawabu zikaenda zilikotumwa. Banda alilia kwa raha. Alisema amesikia mtu nyuma yake akicheua, kama mtu aliyeshiba.

Ndipo Yasawathi akatia tonge la kwanza mdomoni.

Halikupita.

Akatafuna, akameza, likarudi kupitia puani, limegeuka ute. Maji yakapita tone moja moja. Siku ya tatu tumbo lilikuwa limevimba, shingo imekonda mpaka mishipa inahesabika, na shuka limeanza kunuka harufu ile ile. Mwenyewe alijichukia. Alijinusa, akatapika, na matapishi nayo yakakwama.

Jioni jirani akakaanga samaki. Harufu ikaingia dirishani. Mate yakamjaa Yasawathi, yakamwagika kifuani, mazito, ya manjano.

"Mume wangu..." akaita kwa sauti ya kukwaruza. "Kaniombee... hata mkia..."

Banda aliingia taratibu na bakuli la uji mwepesi kama maji. Akakaa kitandani, akachota kijiko kimoja.

"Daktari amesema," alimwambia.

Hawakuwa wamekwenda kwa daktari yeyote.