Susu ya Thenmozhi

Siku ile ilianza vizuri tu. Vadivu aliamka mapema kupika wali wa ukwaju wa kula njiani, akaufunga kwenye majani ya mgomba, na kabla jua halijakolea gari lilikuwa limeshauacha mji wa Madurai nyuma, linaelekea kusini kwenye mahekalu ya kale. Mumewe, Kathiresan, ndiye aliyeshika usukani. Pembeni yake alikaa mdogo wake, Ilango. Nyuma walikaa wake zao: Vadivu, mwenye miaka tisa ya ndoa bila mtoto, na Thenmozhi, bibi harusi wa juzi tu, anayecheka hata pasipo na cha kuchekesha.

"Dada, wali wako mtamu jamani! Nitanenepa mpaka Ilango anikimbie."

"Nenepa tu," alijibu Vadivu. Moyoni akaongeza: ila tumbo lako lisitangulie langu.

Tusifichane, wivu ulikuwa unamtafuna. Mama mkwe alishasema mbele ya watu kwamba atakayemzalia mjukuu kwanza ndiye atakayekabidhiwa nyumba. Na aliposema hivyo, macho yake yalikuwa kwa Thenmozhi.

Kwenye hekalu la kwanza kuna mwarobaini mzee, matawi yameinama kwa visusu vya kitambaa cha manjano. Mwanamke anayetaka mtoto hutia kijiwe ndani ya kitambaa, akakifunga tawini kama susu ya kumbembelezea mtoto, akaomba. Vadivu na Thenmozhi wakafunga, bega kwa bega. Upepo ukaja. Susu ya Thenmozhi ikabembea. Ya Vadivu ikatulia tuli.

Hapo ndipo roho ilipomchafuka. Wenzake walipotangulia garini alirudi nyuma, eti ameangusha kikuku. Akaifungua susu ya mwenzake, akaitupa kwenye bwawa la hekalu. Ikazama.

Safari ikaendelea. Thenmozhi alikuwa amesinzia, kichwa kimeegemea kioo.

"Sogea kidogo, dada," alinong'ona, macho ameyafumba. "Unambana mtoto."

"Mtoto gani?"

Thenmozhi akafumbua macho. "Mtoto? Nani kasema mtoto?"

Kwenye hekalu la pili, mama mmoja muuza maua alikuja dirishani na kamba zake za yasmini. Akamwambia Thenmozhi kwa upole, "Wewe usishuke, binti. Jua hili litamuunguza mtoto."

"Hana mtoto huyo," Vadivu alidakia.

Yule mama akamtazama. "Haya. Na huyo aliyempakata ni wa nani?"

Akaondoka upesi, hata kamba moja hakuuza.

Mchana walipumzika kwenye nyumba ya mahujaji. Wanaume walijilaza barazani, wanawake chumbani, kila mmoja na mkeka wake. Sakafu ilikuwa na vumbi jekundu, haijafagiwa siku nyingi. Vadivu akapitiwa na usingizi. Kilichomwamsha ni mlio wa boriti.

Kwii. Kwii.

Sari ya Thenmozhi ilikuwa inaning'inia kwenye boriti, katikati ya chumba, imefungwa susu, kama tufungavyo tukilaza watoto. Mwenyewe ameketi kule kwenye mkeka wake, kwa blauzi na gagulo, amelala fofofo. Mkono unavuta kamba ya kuibembeza. Kifua kimelowa maziwa.

Na sari ilikuwa nzito. Imejaa. Inapumua.

Mwingine angekimbia. Vadivu aliona wivu. Wivu mkali, wa kusaga meno. Hata hiki? Hata hiki nilichokizamisha kwa mkono wangu, kimemfuata yeye?

"Njoo kwangu," alinong'ona. "Njoo kwa mama."

Akatia mkono. Akagusa ngozi. Ya baridi. Imelowa. Vidole vidogo vikamshika kidole, vikakaza, na moyo wake ukaruka kwa furaha. Naam, furaha! Amenichagua mimi.

Kisha kitu kile kikamnusa kiganja.

Kikamwachia. Kikageuka, polepole, kikampa mgongo.

Vadivu akaivuta sari kwa nguvu zake zote. Ikaanguka. Ndani hamna kitu.

Thenmozhi akazinduka akilia. "Mbona umemwangusha, dada?" Halafu akayashangaa maneno yake mwenyewe, akajishika kifua. "Nimesema nini? Dada, mbona nimelowa?"

Wanaume wakaingia mbio. Kathiresan ndiye aliyeziona kwanza, pale vumbini: alama za viganja na magoti, ndogo, zina majimaji, za mtoto anayetambaa. Zilianzia chini ya boriti. Zikapita ubavuni mwa mkeka wa Vadivu bila kusimama. Zikaishia kwenye mkeka wa Thenmozhi.

"Nani kaingia na mtoto humu?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Ilango akamwinua mkewe, wakatoka. Kathiresan akawasha gari, akapiga honi, akapiga tena.

Vadivu alikuwa bado ndani, amepiga magoti, anazipitia zile alama kwa kidole, moja baada ya nyingine. Alikuwa anatafuta hata moja tu iliyogeukia upande wake. Hakuiona.