Fahali wa Mkwe

"Wewe mama! Hiyo unayofungia omena ni kazi ya mikono yangu!"

Milka aliinua macho. Soko la Kondele lilikuwa limefurika hadi barabarani, na mbele ya meza yake ya dagaa alisimama kijana mrefu wa kaunda suti ya kijivu, kalamu mbili mfukoni, uso umekunjamana utadhani kaibiwa. Mwaka ulikuwa 1986.

"Kazi gani? Hii si karatasi tu?"

"Ni Jicho la Winam, ukurasa wa kwanza! Laban Amolo ndiye mimi. Soma hapo juu."

"Nilisoma. Ndiyo maana nikafungia omena."

Wanawake wa meza za jirani walivunjika mbavu. Laban naye akacheka, na kesho yake akarudi, na keshokutwa pia. Yawa, mwanamume asiye na mke atakula omena kiasi gani? Baada ya miezi mitatu alimpeleka Milka kwa Mzee Obiero, mwenye gazeti, katika chumba kimoja nyuma ya kinu cha unga, akafundishwa kupanga chapa, herufi moja moja za madini ya risasi.

Jicho la Winam lilikuwa gazeti la kurasa nne, likitoka kila Ijumaa tangu 1984. Tusidanganyane, watu hawakulinunua kwa ajili ya siasa. Walinunua kwa ajili ya tanzia: nani amekufa, ameacha nani, nani ni mkwe wa nani. Jina likishachapwa humo, watu wa ziwani wote walilichukua kuwa kweli.

"Jaber, mrembo wangu, leo umepaka wino puani," Laban angemchokoza.

"Toka hapa, unanichanganyia herufi."

"Changanya tu. Desemba naleta wazee kwenu."

Na Milka, katika gauni lake la maua mekundu, angetabasamu siku nzima.

Basi Jumatano moja ya Agosti 1988, Laban akiwa Homa Bay kutafuta habari za pamba, ikaletwa tanzia kutoka Kisian. Amekufa babake Dorca. Milka alimfahamu Dorca vizuri. Ndiye mjane wa marehemu kaka yake Laban. Akapanga mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa nne ulisema marehemu alikuwa baba mkwe wa Laban Amolo.

Mkono ulisimama hewani. Milka ni Mluo, hakuhitaji kufafanuliwa. Kaka akifa, ndugu humchukua mjane. Laban akiitwa mkwe wa nyumba ile, ni kwamba tayari amemchukua.

Alasiri simu ya ofisi ikalia.

"Mpenzi wangu! Homa Bay bila wewe haina ladha."

"Laban, una kitu cha kuniambia?"

"Kipo. Lakini si cha simu, jaber. Nitakueleza yote Jumatatu."

Milka alibamiza simu. Laiti angeuliza swali moja zaidi! Lakini hasira ilikuwa imempanda kichwani, na alitaka jambo moja tu, Laban aumie mbele za watu. Akarudi mezani, na chini ya tanzia ile akaongeza maneno yake mwenyewe: "Mkwe Laban Amolo ataleta fahali wake siku ya mazishi, Jumamosi, na hapo atamtambulisha Dorca kuwa mkewe." Na fahali wa mkwe akishafika matangani, ndoa imekubaliwa mbele ya wote. Mzee Obiero alimwamini mno, hata ukurasa wa nne hakuusoma tena.

"Umeyataka mwenyewe," Milka alisema, na usiku huo alilala vizuri, Mungu amsamehe.

Jumatatu Laban aliingia chumba cha chapa na viatu vyenye matope ya Kisian.

"Ni wewe uliyeongeza?"

"Ni mimi. Na wewe ulinificha mke!"

"Mke gani? Wazee waliniita mwezi uliopita nimchukue Dorca, nikawakataa. Niliwaambia nina Milka. Ndilo lile la kukueleza Jumatatu. Watu wa Kisian waliandika jina langu bila kuniuliza, wakinisukuma."

Milka alishika ukingo wa meza. "Wuololo! Laban, nisamehe. Ijumaa hii nachapa kwamba nilidanganya. Kwa jina langu."

"Utachapa nini? Kwamba Dorca amekataliwa kwenye mazishi ya babake? Nilipolisoma gazeti Homa Bay nilikimbia Kisian kukanusha. Nimekuta nini? Watu mia tatu. Na Dorca amesimama kando ya kaburi, macho yake langoni, akinitafuta. Mwaka mzima wamekuwa wakimwita mwanamke wa mkosi. Ningemwambia nini?"

"Ukafanyaje?"

"Nikatafuta fahali."

Machozi yalimbubujika Milka. "Basi niadhibu unavyotaka."

"Nimekuja kwa hilo." Alitoa karatasi mfukoni. "Shukrani za familia. Zipange. Sasa hivi, nikiwa hapa."

Milka akapanga. Laban Amolo na mkewe Dorca wanawashukuru wote waliofika Kisian. Majirani. Kwaya. Kisha akaufikia mstari wa mwisho: "Shukrani za pekee kwa Milka wa Jicho la Winam, aliyekuwa wa kwanza kututangaza."

"Jina langu litoe. Nakuomba, Laban. Mji mzima utanicheka."

"Ulipoweka langu uliniomba?"

Milka aliokota herufi za jina lake, moja moja. Laban hakuondoka ubavuni mwake. Kisha Milka akapaka wino, akachapa nakala moja ya kukagua, akampa. Laban aliisoma mara mbili, na mara ya pili kidole chake kilikawia kwenye jina la Milka.

"Kuna kosa?" Milka aliuliza.

"Hakuna," alisema, akatia sahihi, akaenda kwa mkewe.