Sauti ya Mwalimu Selpha Ilienda Wapi?

Siku hiyo mjinga nilikuwa mimi. Nasema mapema ili usipoteze muda ukimtafuta mwingine, kwa sababu mimi niliwatafuta wengi.

Naitwa Jackton Oloo. Nilikuwa polisi miaka ishirini na minane. Kituo changu cha mwisho kilikuwa hapa Nyeri, na nilipostaafu nikabaki Ruring'u na mke wangu, Mwalimu Selpha. Kazi ya polisi haikuachi yote. Mimi iliniachia kushuku. Selpha hunicheka. "Baba Adhis," husema, "hata uji ukipoa, unataka kujua ni nani alikuwa nao mara ya mwisho."

Mwaka huu shule aliyofundisha Selpha ilifungwa. Akakaa nyumbani miezi mitatu. Kisha shule moja upande wa Mweiga ikatangaza kuwa inatafuta mwalimu wa Gredi ya Kwanza. Kila mwombaji alitakiwa arekodi somo la dakika kumi kwenye kompyuta. Picha za somo zionekane, na sauti ya mwalimu isikike. Somo litumwe Ijumaa kabla ya saa kumi jioni. Atakayechelewa asijisumbue.

Selpha alichagua somo la sauti za wanyama. Ijumaa asubuhi, baada ya chai, akafungua laptopu yake mezani. Akaweka picha ya ng'ombe. Akabonyeza ili ng'ombe alie.

Kimya.

Akaongeza sauti mpaka mwisho. Kimya.

"Wiki iliyopita hii laptopu ilikuwa wapi?" nikauliza.

"Kwa Rehana, pale saiba. Alinibadilishia kibodi."

"Basi."

"Basi nini?"

"Ilienda na sauti, imerudi bila sauti. Ametoa spika nzuri, akaweka mbovu."

"Baba Adhis, Rehana ni msichana wa heshima."

"Wenye heshima ndio niliokuwa nikiwakamata, Mwalimu. Wasio na heshima walikuwa wanakimbia."

Selpha aligeukia laptopu. Alifikiri labda sauti haitoki lakini inaingia. Akarekodi somo lote, dakika kumi, akiongea vizuri kabisa. Akalicheza alisikilize. Ng'ombe alionekana. Mbuzi alionekana. Sauti haikuwepo hata kidogo.

Wakati huo huo, nyuma ya ukuta, tulisikia jirani yetu akipiga kelele, akimwita Mungu kwa Kikuyu: "Ngai!" Jirani huyo ni Kabura. Anafuga kuku wa mayai, na banda lake limeegemea ukuta wetu wa nyuma. Nikashuku hata ile kelele. Mtu hapigi kelele bure asubuhi.

"Funga hiyo laptopu," nikamwambia Selpha. "Twende kwa huyo wa heshima."

Saiba ya Rehana, duka lake la kompyuta, iko mjini, karibu na soko. Tulipofika kulikuwa na watu watano wakingoja kuchapisha karatasi zao. Niliona ni vizuri wasikie.

"Rehana," nikasema kwa sauti ya kazini. "Sauti ya laptopu ya mke wangu iko wapi?"

"Shikamoo, Mzee Oloo."

"Marahaba. Iko wapi?"

Rehana alifungua laptopu. Akabonyeza ng'ombe. Ng'ombe akalia mpaka mama mmoja kwenye foleni akaruka.

"Iko hapa, Mzee," Rehana akasema.

"Umeirudisha sasa hivi. Nimeona mkono wako ukipita chini ya meza."

"Mkono ulikuwa unatafuta miwani."

Watu wakaanza kucheka. Mimi sikucheka. Nyumbani laptopu ilikuwa bubu, na kwake inaongea. Nilishaona hila kama hiyo. Fundi anakufungia kitu ili urudi kwake kila wiki.

"Mwalimu, kama kuna rekodi uliyofanya nyumbani, tuisikilize," Rehana akasema.

Akaicheza. Picha ya ng'ombe ikatokea. Halafu tukasikia kuku. Kuku wengi, wakilia na kuparura.

"Hiyo hapo!" nikasema. "Somo linaendelea vizuri."

"Baba Adhis, hapo niko kwa ng'ombe," Selpha akasema polepole. "Kuku ni wa mwisho. Na sauti yangu iko wapi?"

Kisha sauti ya mwanamke ikatoka ndani ya laptopu. Haikuwa ya Selpha. Ilisema: "Kula, mama. Kula utage. Usikuwe kama afande wa hapo. Yeye ni kula tu, na hatagi."

Saiba yote ikaangua kicheko ambacho sitakisahau.

Sauti ile niliijua. Ilikuwa ya Kabura. Sasa nilikuwa na washukiwa wawili. Kabura ameingiaje ndani ya laptopu ya mke wangu? Ni nani aliyemfungulia?

Rehana peke yake hakucheka. Alikuwa anafikiri.

"Mzee, tuliza moyo," akasema. "Hapa laptopu inasikika. Kwa hivyo spika zake ni nzima. Kwenu haisikiki. Kwa hivyo tatizo liko nyumbani kwenu. Mwalimu, una spika ya Bluetooth? Ile isiyotumia waya?"

"Ninayo," Selpha akasema. "Ile nyeusi niliyokuwa nikitumia darasani. Iko kwenye sanduku, chini ya kitanda."

Mimi nikaangalia dari. Dari ya Rehana ni ya mbao, imepigwa rangi nyeupe.

"Iko, Baba Adhis?"

"Iko," nikasema. "Iko mahali."

"Mahali gani?"

"Kwa Kabura."

"Kwa nani?"

"Kuku wake wanashtuka mvua ikipiga mabati. Alisema wakifunguliwa redio wanatulia. Nikamwazima. Wiki mbili tu."

"Spika yangu?"

"Ya nyumba, Mama Adhis."

Selpha alinitazama jinsi anavyomtazama mtoto aliyekula chaki. Rehana akachukua mkoba wake.

"Twendeni," akasema. "Nataka mwone kwa macho yenu."

Tulifika nyumbani saa saba na nusu. Rehana akaweka laptopu pale pale mezani.

"Sauti ikipotea, usikimbilie fundi," akamwambia Selpha. "Anza na alama hii ya spika, hapa chini kulia. Ikiwa na alama ya x, imezimwa. Hii haina. Halafu tazama tundu la earphone. Kitu kikiwa kimechomekwa hapo, sauti hupitia huko. Hakuna kitu."

"Hayo niliyatazama," Selpha akasema.

"Sasa hili la tatu ndilo watu husahau. Bonyeza alama ya spika. Kando ya mstari wa kuongeza sauti kuna alama nyingine ndogo. Ibonyeze. Unaona nini?"

Selpha akasogeza miwani. "Majina mawili. Spika za laptopu, na jina la spika yangu nyeusi."

"Laptopu imechagua ipi?"

"Ile nyeusi."

"Basi bonyeza ng'ombe."

Selpha akabonyeza. Ndani ya nyumba kimya. Lakini nyuma ya ukuta ng'ombe akalia, kuku wakaruka juu ya mabati kama wamemwagiwa maji ya moto, na Kabura akapiga kelele: "Ngai!"

"Sauti yako haikupotea, Mwalimu," Rehana akasema. "Laptopu na spika zikishaunganishwa mara moja, hukumbukana. Kabura akiwasha spika ile, laptopu inaikimbilia. Spika hii pia ina maikrofoni ya kupokea simu. Kwa hivyo ulipokuwa unarekodi, laptopu haikukusikiliza wewe. Ilisikiliza banda la kuku."

Kabla sijasema neno, mlango ulipigwa. Kabura aliingia na gambuti zake za mpira miguuni, ameshika spika ndani ya karai, mbali na mwili wake, kana kwamba inauma.

"Afande!" akasema. "Hii kitu yako inaongea yenyewe. Asubuhi imelia kama ng'ombe. Halafu ikarudia maneno yangu, neno kwa neno! Uliniwekea kidude ya kunisikiliza?"

"Na wewe ulikuwa unasema nini huko kwa banda?" nikauliza.

"Kwa hivyo ulisikia!"

Hapo ndipo nilipoharibu. Kabura aliweka karai chini.

"Mama Adhis, wewe nilikuwa nakuheshimu. Sasa naenda kwa chifu. Halafu napigia mkuu wa hiyo shule ya Mweiga. Ni mtu yetu, tunaimba naye kwaya. Ajue mwalimu anataka kuandika kazi anarekodi watu kwa siri."

Selpha alikaa kwenye kiti. Saa ya ukutani ilionyesha saa nane na dakika tano. Nilimwona akitazama laptopu, halafu saa, halafu mimi. Miezi mitatu ya kungoja kazi ilikuwa inaondoka na mwanamke mwenye gambuti.

Rehana akasimama kati ya Kabura na mlango.

"Mama Kabura, kasirika, una haki. Umerekodiwa bila kuulizwa, na hilo si sawa hata kama ni bahati mbaya. Lakini njoo uone kwanza. Ukiona na bado unataka kwenda kwa chifu, nitakusindikiza."

Kabura alinitazama kwa jicho moja. Lakini akaenda mezani. Rehana akamwonyesha yale majina mawili. Akambonyezea ng'ombe, na karai likalia sakafuni. Kisha akachagua spika za laptopu na kubonyeza tena. Ng'ombe akalia mezani.

"Kumbe inahama?" Kabura akauliza.

"Inahama. Hakuna aliyekuwa anakusikiliza. Na ile rekodi naifuta mbele yako. Natoa na huku kwenye pipa la taka la kompyuta, maana kitu kilichofutwa mara moja hubaki huku. Angalia mwenyewe."

"Ngoja," nikasema. "Hicho ni kielelezo. Kuna mtu ametukanwa humo."

"Futa," Selpha akasema.

"Futa," Kabura akasema.

Rehana akafuta. Kisha akaitenganisha laptopu na ile spika kabisa, zisikumbukane tena. Akamwonyesha Kabura kitufe cha redio, maana Kabura siku zote alikuwa anawasha spika bila kukibonyeza, ikabaki ikiingoja laptopu. Kabura akajaribu, kwaya ikaimba kutoka kwenye karai. Uso wake ukalegea kidogo. Kidogo tu.

"Saa nane na nusu," Selpha akasema. "Nionyeshe haraka."

"Si haraka. Taratibu, lakini mara moja," Rehana akasema. "Shika kitufe chenye alama ya dirisha, ushike na Shift, halafu ubonyeze R. Unaona? Programu ya kurekodi skrini imo ndani ya Windows hii, hununui. Zungushia sehemu ya skrini unayotaka ionekane. Sasa tazama juu kabla hujaanza. Kuna alama ya maikrofoni. Hiyo ni sauti yako. Kando yake kuna alama ya spika. Hiyo ni sauti ya ng'ombe. Zote mbili ziwe zimewashwa."

"Asubuhi niliwasha moja," Selpha akasema.

"Ungekosa ng'ombe hata bila kuku wa jirani. Na pale pa maikrofoni hakikisha ni ya laptopu yenyewe. Sasa rekodi sekunde kumi tu."

"Kumi za nini? Somo ni dakika kumi."

"Za kujaribu. Usirekodi somo zima kabla hujasikia sekunde kumi."

Selpha alirekodi sekunde kumi. Akasema, "Watoto, ng'ombe hulia vipi?" Ng'ombe akalia. Akasimamisha, akacheza. Sauti yake ilitoka safi, na ng'ombe akafuata. Lakini baada ya ng'ombe nilisikika nikikohoa.

"Baba Adhis, nje," Selpha akasema.

"Na mimi naenda kutuliza kuku," Kabura akasema, akabeba karai lake.

Nilikaa nje kwenye ngazi, kwenye ukungu, bila koti, kwa sababu niliogopa kurudi kuchukua koti. Nilimtazama kila mpita njia. Pikipiki moja ilikuja ikinguruma nikaisimamisha kwa mkono, kama zamani. Mwenye pikipiki aliuliza kosa lake. Nikamwambia azime injini, asukume mpaka kwenye kona. Akatii. Hata sasa sijui kwa nini.

Selpha alimaliza saa tisa na robo. Akalisikiliza somo lote, mwanzo mpaka mwisho, akiwa na earphone masikioni. Saa tisa na dakika arobaini akalituma.

Jumatano iliyofuata simu ikapigwa kutoka Mweiga. Mkuu wa shule alisema masomo mengi aliyopokea yalikuwa na picha tu, au sauti ya mbali kama mtu yuko kisimani. La Selpha alilisikia kila neno. Aanze muhula ujao.

Selpha sasa anafundisha. Kila anaporekodi somo, anatazama sauti inatoka wapi na inaingia wapi. Anajaribu sekunde kumi. Anawaambia walio karibu kuwa anarekodi. Walimu wenzake wawili amewafundisha vivyo hivyo. Mimi nilikwenda saiba nikamwomba Rehana msamaha, mbele ya foleni, kama nilivyomshtaki mbele ya foleni. Alinisamehe. Alisema pia nisimame mbali kidogo na meza.

Lakini Kabura nilikuwa sijamalizana naye. Jumamosi baada ya ile simu ya Mweiga alikuja kumpongeza Selpha, akanywa chai, akacheka. Nikaona huu ndio wakati.

"Kabura," nikasema, "mambo ya spika yameisha. Lakini lile neno bado. Ulisema mimi ni kula tu na sitagi. Mbele ya watu watano pale saiba. Nataka uniambie, mtu mzima kama mimi, polisi wa miaka ishirini na minane, unanisemaje hivyo?"

Kabura aliweka kikombe chini.

"Afande, hiyo maneno mimi niliambia kuku yangu, ndani ya banda yangu. Sasa niambie, kwa wale kuku wote, wewe ulikuwa yupi?"