Maua Manne ya Somoe

Sogeeni karibu, nyote. Leo tunakwenda mbali. Tunakwenda Moscow, mji mkubwa kule Urusi, kwenye jengo refu la ghorofa tisa.

Ghorofa ya sita anakaa Somoe. Ana miaka saba. Anakaa na Baba, Mama na mdogo wake Hemedi, ambaye hajaota hata jino moja. Walitoka Lindi, kwa sababu Baba anasomea udaktari huko.

Somoe alikuwa anaanza shule kesho yake. Na huko, siku ya kwanza, kila mtoto humpelekea mwalimu wake maua. Baba aliambiwa hivyo chuoni, akaja akamwambia Mama.

Basi Mama na Somoe wakaenda kwa bibi muuza maua, pale kwenye kona. Somoe akamwamkia, "Shikamoo, bibi." Yule bibi hakuelewa hata kidogo. Akacheka tu, akafunga maua matano mekundu kwenye karatasi.

Mama akayahesabu. Akachomoa moja, akamrudishia. Bibi akatikisa kichwa. Mama naye akatikisa kichwa, akaonyesha vidole vinne. Nyumbani kwao si wako wanne?

"Baba, Mama, Hemedi na mimi," alihesabu Somoe. "Moja, mbili, tatu, nne."

Asubuhi Somoe akavaa viatu vipya. Ko, ko, ko, akashuka ngazi. Ko, ko, ko, akaingia shuleni. Maua aliyashika mwenyewe, hakutaka kusaidiwa.

Watoto walipanga mstari darasani, kila mmoja na maua yake. Mbele ya Somoe alisimama mvulana aitwaye Kolya. Kolya akageuka. Akayahesabu maua ya Somoe kwa kidole. Akayahesabu tena.

Kisha akasema kwamba maua manne hupelekwa makaburini. Mtu aliye hai hupewa moja, au matatu, au matano. Kolya hakusema kwa ubaya, jamani. Alisema tu. Lakini darasa zima lilisikia.

Somoe alikuwa amejifunza Kirusi kidogo. Maneno hayo aliyaelewa yote. Heri asingeyaelewa.

Masikio yakawa ya moto. Aibu, aibu, aibu. Somoe akatazama viatu vyake tu.

Mwalimu Vera alikuwa bado mbali, mwanzo wa mstari. Somoe akachomoka. Ko, ko, ko, mpaka chumba cha makoti. Akayasukuma maua nyuma ya makoti, kule chini kabisa.

Zamu yake ilipofika, hakuwa na kitu mikononi. Mwalimu Vera akamkaribisha vizuri, akamwonyesha kiti chake. Aibu, aibu, aibu. Somoe akatazama viatu vyake tu.

Mchana, Mama alimngoja mlangoni, Hemedi mgongoni. Alitaka kujua jambo moja tu. Je, mwalimu ameyapenda maua?

"Ameyapenda sana," alisema Somoe.

Ehe, huo ulikuwa uongo, na nyinyi mnajua.

Mama alifurahi mno. Papo hapo akampigia simu Bibi, kule Lindi. Akamweleza jinsi mwalimu alivyoyapokea maua kwa mikono miwili. Hayo ya mikono miwili aliyaongeza mwenyewe. Bibi akapiga vigelegele kwenye simu. Lululululu!

Sasa Somoe alikuwa na aibu mbili. Aibu ya maua, na aibu ya uongo. Ile ya pili ilikuwa nzito zaidi.

Jioni chakula hakikushuka. Tonge likazunguka mdomoni, likazunguka. Mwishowe Somoe akalia, akasema yote. Makaburi. Makoti. Uongo.

Mama akamfuta machozi. Kisha akasema taratibu, "Mwanangu, aliyerudisha lile ua ni mimi."

Na Mama naye akainama, akatazama kandambili zake.

Wakakaa hivyo, mama na mtoto, wote wameinama. Hemedi akadhani wanatafuta kitu. Naye akainama, puu, akaanguka juu ya mto. Ikabidi wacheke kidogo.

Mama akasema kesho watakwenda shuleni pamoja. Somoe akasema anaona aibu.

"Hata mimi naona aibu," alisema Mama. "Tutakwenda hivyo hivyo."

Asubuhi wakapita pale kwenye kona. Bibi muuza maua alipowaona tu, akachomoa ua moja jekundu. Akampa Somoe hata kabla hajaamkiwa.

Ko, ko, ko, wakaingia darasani. Ko... Somoe akasimama.

Juu ya meza ya mwalimu palikuwa na chupa ya maji. Ndani yake mlikuwa na maua manne mekundu. Mwalimu Vera aliyakuta nyuma ya makoti, na hakuyatupa.

Mwalimu Vera akainama mpaka uso wake ukawa karibu na uso wa Somoe. Akamuuliza polepole, kwa nini alileta manne?

"Baba, Mama, Hemedi na mimi," alisema Somoe. "Moja, mbili, tatu, nne."

Mwalimu Vera akayatazama maua kwenye chupa. Kolya naye akayatazama. Kisha mwalimu akaonyesha lile ua mkononi mwa Somoe. Akauliza, na huyu wa tano ni nani?

Somoe hakuwa amefikiria hilo. Akatazama viatu vyake. Viatu havikuwa na jibu. Basi akainua uso.

"Huyu ni wewe, mwalimu."

Mwalimu Vera akalipokea lile ua. Akalipokea kwa mikono miwili.

Usiku, kabla ya kulala, Mama akampigia tena Bibi simu. Somoe mwenyewe akamweleza ukweli wote, makoti na kila kitu. Bibi akasikiliza mpaka mwisho. Akauliza swali moja tu. Mwalimu alilipokea lile ua kwa mikono mingapi?

"Miwili, Bibi," alisema Somoe. Na safari hii ilikuwa kweli.

Lululululu!

Viatu vikawekwa chini ya kitanda. Somoe akajifunika shuka, akahesabu vidole vyake. Baba, Mama, Hemedi, mimi, na Mwalimu Vera. Moja, mbili, tatu, nne...

Kufika tano, alikuwa amelala.