Mnufaika Aitwaye Nargisi

Jibu lilifika dakika tatu kabla ya barua kutumwa. Violet ndiye aliyeligundua, maana mumewe Boniface hakuwa mtu wa kuangalia saa. Ilikuwa asubuhi ya Jumanne mwezi wa pili, katika nyumba yao ya kupanga pale Adelphi, ughaibuni, na Violet alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha mumewe na kikombe cha chai mkononi. Akaona kwenye kioo cha kompyuta: barua ya Boniface imetoka saa nne na dakika kumi na saba. Jibu la yule mwanamke limeingia saa nne na dakika kumi na nne.

"Boni, hebu ona hizo saa," alisema.

"Mitambo hii, mke wangu. Inajichanganya yenyewe," Boniface alijibu huku akitabasamu, na macho yake yalikuwa kwenye lile jibu.

Boniface alikuwa wakala wa bima ya maisha. Mwezi ule ofisi ilimpa orodha ambayo hakuna wakala mwenzake aliyeitaka, ya watu waliowahi kujaza fomu mtandaoni kuulizia bima, wengine miaka minane iliyopita, kisha wakanyamaza. Ofisini waliyaita majina yaliyopoa. Kazi yake ilikuwa kumwandikia kila mmoja barua pepe kwa upole, bila kumbana: Habari za siku nyingi. Uliwahi kutuulizia. Je, bado unahitaji? Wengi hawajibu. Wengine wamehama, wengine wamekufa, barua inarudi ilikotoka. Mmoja akijibu, wakala anachangamka siku nzima, kwa hiyo Violet hakushangaa kumwona mumewe amefurahi. Kilichomkera ni maneno yenyewe. Hayakuwa na salamu. "Nilijua utanikumbuka. Wenzako waliniandikia mara moja wakachoka. Wewe usichoke." Chini, jina moja tu: Nargisi.

Violet alikuwa na zamu za kutunza wazee mwisho wa wiki, hivyo siku za kazi alishinda nyumbani na mumewe. Walikuwa na miaka kumi na miwili ya ndoa bila mtoto, na walikwisha kuacha kulizungumzia jambo hilo. Walikuwa wawili tu ugenini, kila mmoja anajua hatua za mwenzake kwenye zulia. Ndiyo maana alijua mapema. Wiki ya kwanza Boniface alianza kuoga mara mbili kwa siku. Wiki ya pili akawa anavaa suti na kujipulizia manukato ili aketi kwenye meza ya chakula. Nyumba nayo ikaanza kunuka marashi, ya waridi, matamu, na chini ya utamu ule kulikuwa na harufu nyingine ndogo, kama nywele zilizoungua.

Violet alinusa kola za mashati yake. Alinusa mto. Wivu ulimjaa, na kila alipotaka kuuliza aliona haya, maana angeuliza nini? Mumewe hatoki. Simu haiiti. Yuko pale pale mbele ya macho yake kutwa nzima, na bado alikuwa akiibiwa.

Siku moja saa tano asubuhi Boniface aliingia bafuni, maji yakaanza kumwagika, naye akaanza kuimba wimbo wa kubembelezea watoto ambao mama yake alimwimbia kule Iringa. Violet akaenda kwenye kompyuta na chai yake mkononi.

Barua za Nargisi zilikuwa mia mbili na kumi na moja. Alizisoma kwa kuruka ruka. "Kwa nini umemwandikia Rosemary wa Alexandria? Mfute." Na jibu la mumewe: "Nimemfuta." "Na yule Edah?" "Nimemfuta pia." Wanawake wote katika orodha walikuwa wamefutwa mmoja mmoja, kisha wanaume wakafuata. Barua ya mwisho ilikuwa na maneno manne: "Na huyo wa ndani?" Hiyo Boniface alikuwa bado hajaijibu.

Wakati Violet anaitazama, ikaingia nyingine.

"Violet, chai yako inapoa."

Mwenye akili zake angekimbia. Violet alikuwa na hasira za wiki tatu. Aliweka kikombe chini, akaandika kwa vidole viwili akigonga kwa nguvu: "Mimi ndiye mke wake wa ndoa. Mwache mume wangu."

Jibu lilikuwepo tayari kabla hajainua mkono.

"Ahsante. Yeye alinifungulia barua. Wewe umenifungulia mlango."

Tangu siku ile mashati ya Boniface yakaanza kupotea kabatini, moja kwa siku. Picha yao ya harusi ukutani ikaingia maji upande wa Violet tu, uso wake ukavimba na kufifia ndani ya kioo kikavu. Mchana, Boniface akiwa jikoni, Violet alisikia vitufe vya kompyuta vikigongwa sebuleni, taratibu, kwa mtu mwenye kucha ndefu. Alipomshika mumewe mkono kumwonyesha, Boniface aliuchomoa kama aliyeungua.

"Usiniguse," alinong'ona. "Ataona."

"Nani ataona?"

"Sema polepole, Violet. Tafadhali. Anakasirika nikikuita kwa jina."

Alikuwa amekonda. Suti ilimning'inia.

Violet alimweleza Chebet, rafiki yake Mkenya waliyekuwa wakifanya naye kazi kwa wazee. Chebet alicheka kwanza.

"Wacha mambo ya majini, Vio. Huyo ni mpango wa kando tu, anajua kompyuta kukushinda. Fomu yake si iko na anwani? Leta, twende tumwone na macho yetu."

Anwani ilikuwa ya Greenbelt. Walikwenda Jumatano saa nane mchana kwa gari la Chebet, jua limewaka, theluji iliyobaki inayeyuka kando ya barabara. Ilikuwa mitaa mizuri, nyumba zimepangana, mtu anatembeza mbwa. Nyumba waliyoitafuta haikuwepo. Namba ziliruka, na mahali ambapo ingepaswa kuwa palikuwa na njia nyembamba inayoingia kwenye miti.

"Ni kaforesti tu," Chebet alisema. "Amekudanganya hata address."

Lakini Violet alikuwa ameshasikia marashi, na wivu, ambao kwa wiki zote zile ulikuwa umemkalisha nyumbani, sasa ulimsukuma mbele kwenye majani yaliyooza, akakanyaga tope lililomvua kiatu asikiokote, akapita mti wa kwanza na wa pili na wa tatu, sauti za magari zikififia nyuma yake kama zimefunikwa blanketi, mpaka akafika mahali palipokuwa wazi kidogo na kuyaona mashati ya mumewe yametundikwa kwenye matawi, saba, yamepigwa pasi, vifungo vimefungwa mpaka shingoni, yanapepea ingawa hakukuwa na upepo. Na katikati yao, kwenye tawi la chini, vijinguo viwili vya mtoto, kimoja kikubwa kidogo kuliko kingine, vimefuliwa, bado vinadondosha maji.

Chebet alimfikia akihema. Aliangalia matawi. Kicheko chote kilimtoka usoni.

"Woi. Vio, hizo shati si za Boniface?"

Ndani ya miti, si mbali, mtoto akakohoa. Kisha sauti ya mwanamke ikaanza kumbembeleza kwa ule wimbo wa Iringa, neno kwa neno.

"Usijibu," Chebet alinong'ona, akamkamata kiuno. "Usigeuke. Tembea tu. Yesu wangu, tembea."

Nyumbani walimkuta Boniface amelala kifudifudi mezani. Chini ya shavu lake kulikuwa na karatasi za bima yake mwenyewe ya maisha. Mahali pa mnufaika, mtu atakayelipwa mwenye bima akifa, palikuwa siku zote na jina la Violet. Sasa palikuwa na Nargisi. Uhusiano: mke. Mabadiliko yaanze: Ijumaa. Saini ilikuwa ya Boniface, na ilikuwa imetulia, si ya mtu aliyelazimishwa.

Violet aliomba usiku ule mpaka sauti ikamkauka. Asubuhi alimpigia simu Fahmi.

Fahmi alikuwa mtu wa Pangani, mwegesha magari wa hoteli moja katika mji wa jirani wa Alexandria. Watanzania wa pale walimjua kwa upole wake, na wachache walijua kuwa babu yake alikuwa shehe aliyesomea watu wenye majini.

"Dada'angu, mie si mganga," alisema. "Babu ndiye aliyekuwa na kazi hiyo. Mie naegesha magari."

"Kaka Fahmi, ni kesho. Ni mke mwenzangu, na ni kesho."

"Nikitoka kuswali adhuhuri nakuja."

Alikuja na chetezo kidogo, ubani, zafarani na sahani nyeupe. Kwanza alipanda kwenye kiti akaivika kengele ya moshi kofia ya plastiki ya kuogea. "Wazima moto wakija watatukuta na maelezo mengi," alisema, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kutabasamu siku ile. Aliandika aya kwenye sahani kwa zafarani, akaiosha kwa maji, akamnywesha Boniface, kisha akaketi sakafuni mbele yake na kuanza kusoma.

Alisoma muda mrefu. Marashi yalizidi mpaka Violet akaziba pua kwa kiganja. Ghafla Boniface alinyoosha mgongo, akakunja miguu upande kama mwanamke aliyeketi mkekani, na sauti iliyomtoka ilikuwa laini, imechoka kidogo.

"Unanichoma, mtoto wa Pangani."

"Toka, basi. Umetoka wapi ukamwingia mja wa watu?"

"Sikumwingia. Niliandikiwa. Aliniuliza kama bado nahitaji, nikajibu."

"Unahitaji nini?"

"Yeye." Macho ya Boniface yalimgeukia Violet, na Violet akaona ndani yake chuki aliyoifahamu vizuri, maana alikuwa ameibeba mwenyewe tangu Jumanne ile. "Huyu amekuwa naye miaka kumi na miwili. Amempa nini?"

Fahmi alipaza sauti ya kisomo. Vyombo jikoni vikagongana kabatini, bomba la jikoni likafunguka lenyewe, na ile sauti ikaanza kupiga kelele kisha kulia kisha kubembeleza, ikimtaja Boniface kwa majina ya mapenzi ambayo Violet hakuwahi kuyasikia, majina mengi, ya watu waliozoeana, mpaka jasho likamlowesha Fahmi kanzu na mwisho sauti ikabaki nyembamba kama uzi.

"Nitatoka. Ila si kwa kisomo chako peke yake. Yeye aliniita, na yeye anifukuze. Aseme kwa kinywa chake kuwa hanitaki. Mimi na wanawe wawili."

Boniface akalegea. Alipoinua uso alikuwa yeye mwenyewe, mtu wa Violet, amechoka, macho mekundu.

"Umesikia, kaka," Fahmi alisema. "Sema."

Boniface hakusema.

Basi lilipita nje barabarani. Friji lilianza kunguruma, likaacha. Violet alimtazama mumewe akitazama mahali karibu na kochi, chini, penye urefu wa goti, na akauona mkono wake wa kulia ukitoka kwenye paja na kwenda pale hewani, ukashuka polepole na kupapasa kitu cha mviringo, kwa uangalifu, jinsi mtu anavyopapasa kichwa cha mtoto aliyesinzia; na Violet, ambaye alidhani ameshauona mwisho wa wivu, akajua kuwa hakuwa ameuona.

"Boniface," Fahmi alisema. "Sema, ndugu yangu. Pumzi yako inapungua."

Violet alipiga magoti mbele yake. Alitaka kumshika uso, akajizuia.

"Boni, mimi sikushiki," alisema. "Mimi sina cha kukupa zaidi ya huyu unayemwona hapa. Sema unalotaka wewe."

Machozi yalimtoka Boniface bila sauti. Mkono uliokuwa hewani ukafunga ngumi, ukarudi pajani.

"Sikutaki," alisema. Akavuta pumzi. "Wala siwataki."

Sahani nyeupe ilipasuka katikati. Mlango wa nje ukafunguka kwa upole na kufungwa kwa upole, kama unavyofungwa na mtu aliyebeba watoto. Marashi yakakatika, ikabaki harufu ya ubani peke yake.

Nargisi hakurudi. Karatasi za bima zilichanwa, orodha ikarudishwa ofisini, na mwezi wa nne Boniface akaanza kazi ya kuendesha basi la shule. Alinenepa tena. Alicheka tena. Alimshika Violet mkono hata mbele za watu, kanisani, na Chebet akawa anawatania kuwa wamerudi uchumbani.

Lakini Violet hakuusahau ule ukimya wa mumewe kabla ya kusema "Sikutaki". Aliupima. Ulikaa naye zamuni na kitandani. Jioni moja ya masika, wanakula wali na maharage, madirisha wazi, swali lilimtoka lenyewe.

"Walikuwa wanafananaje?"

Boniface aliweka kijiko chini. Hakujifanya hakuelewa.

"Mkubwa wa kike," alisema. "Mdogo sikumwona vizuri, alikuwa anajificha." Alitazama meza. "Walikuwa na sura yako, Violet. Wote wawili. Mpaka hayo masikio."

Violet aliinuka, akachukua sahani zote mbili, ya kwake ikiwa bado na chakula, akaenda jikoni kufungulia maji. Aliyaacha yamwagike muda mrefu, bila kuosha chombo chochote.