Alama Tatu za Vema

Kila siku baada ya shule, Nice alipitia karakana ya shangazi yake, Generoza, pale kijijini Murukulazo. Mwaka huo wa 2015 wakimbizi walikuwa wakivuka mpaka kutoka Burundi kwa wingi, na shangazi alitengeneza kifaa cha kuongoza pampu ya maji katika kituo cha kuwapokea. Ndani ya kifaa mlikuwa na kompyuta ndogo kama kiberiti, imechomekwa kwenye bodi kubwa ya umeme. Shangazi aliiandalia mfumo endeshi wa Linux, akaupunguza ukabaki na kazi moja tu: kupima maji ya tangi na kuwasha pampu. Kazi ya Nice ilikuwa kuunakili mfumo huo kwenye memori kadi, kuiwasha na kuizima mara tatu mezani ili kuhakikisha inawaka tena baada ya kuzimwa, na kutia vema daftarini kila ilipowaka.

Lakini Ijumaa ile kwaya ilikuwa ikimsubiri. Kadi ikawaka mara ya kwanza bila tatizo. “Iliyowaka imewaka,” alijisemea msichana wetu, akatia vema tatu kwa mpigo, akatoka mbio.

Jumamosi, Bizimana, fundi ambaye naye alikuwa mkimbizi, alikifunga kifaa kituoni. Maji yakatoka, akina mama wakapiga vigelegele. Jua lilipozama umeme wa sola ulizimwa kama kawaida, na asubuhi kifaa hakikuwaka tena. Watu wakashuka bondeni kuchota maji ya matope, na watoto wawili wakaanza kuhara.

Jumatatu alasiri kamati ya maji ilifika karakanani pamoja na Bizimana. “Bizimana ameunga nyaya vibaya,” alisema mwenyekiti, Mzee Celestini. “Daftari linaonyesha kadi ni nzima. Tutafute fundi mwingine.”

“Mzee, nyaya nilizikagua mara mbili,” Bizimana alisema kwa upole. “Kazi hii ndiyo inayowalisha wanangu.”

Nice aliacha kufagia. Aliona aibu hata kumtazama yule fundi usoni. Mtu angefukuzwa kazi kwa sababu yake!

“Shikamooni,” alisema. “Si yeye, ni mimi. Niliiwasha mara moja tu. Vema mbili ni za uongo.”

Shangazi akaijaribu mezani kadi ile iliyorudishwa kutoka kituoni. Ikagoma. Akampa Nice kadi mpya aunakili mfumo na kuijaribu, na wote wakangoja mpaka ilipowaka mara ya tatu.

“Nisamehe, fundi,” Mzee Celestini alimwambia Bizimana.

“Yameisha, Mzee. Nice, twende tukaifunge, mwanangu. Akina mama wale uwaambie ukweli mwenyewe.”

Nice akaanza kulia. Shangazi akamfuta machozi kwa upindo wa kitenge chake.

“Kadi kuharibika si kosa lako,” alisema. “Kosa lako ni kuandika usichokiona. Sisi tuliliamini daftari, tukaacha kumwamini mtu. Nenda, kawaambie.”